Sura ya Sita: Mabaki ya Kriketi, Fito za Hopsi

Trugi ni kikapu cha mbao chenye kina kifupi ambacho watu wa Sussex, kusini mashariki mwa Uingereza, hukitumia kubebea mboga, matunda na maua ya bustani. Karibu kila anayeandika habari zake huanzia kwa mtu mmoja, Thomas Smith, fundi wa kijiji cha Herstmonceux, aliyeibuni upya katika miaka ya 1820. Mwaka 1851 Smith aliipeleka London kwenye Maonyesho Makuu, yaliyofanyika ndani ya jumba la chuma na vioo katika bustani ya Hyde Park. Malkia Victoria akavutiwa, akaagiza kadhaa. Na inasimuliwa kwamba Smith na nduguze walizipakia mkokoteni wakazisukuma kwa miguu hadi kasri la Buckingham, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Ni hadithi tamu, na wauzaji hawajachoka kuisimulia. Ubaya wake ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa kikapu kilizaliwa kichwani mwa fundi na kuokolewa na mkono wa malkia. Hoja ya sura hii ni nyingine. Trugi imetokana na mpango mzima wa matumizi ya miti katika pembe ile ya Uingereza, mpango ambao Smith aliukuta. Anayetaka kujua kwa nini kazi hii sasa iko hatarini hana budi kuanzia msituni, kwenye viwanja vya kriketi na kwenye mashamba yanayolisha viwanda vya bia, ndipo aingie karakana.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe, kwa sababu ushahidi mwingi umo mwilini mwake. Trugi ina pete mbili za mti uliopindwa. Moja imelala, nayo ndiyo ukingo. Nyingine imesimama na kuukata ukingo kimsalaba: nusu yake ya juu ni mkono wa kushikia, na nusu ya chini hupita chini ya tumbo la kikapu na kuibukia upande wa pili. Kwa macho ni jambo dogo, lakini ndilo linalofanya kazi yote, maana mzigo wa viazi hauning'inii kwenye misumari. Umekalia pete inayozunguka bila kukatika. Ndani ya pete hizo hupigiliwa vibao vyembamba, kwa kawaida saba, cha katikati kwanza na vya pembeni baadaye, vikipandana kingo kama mbao za mashua. Kila kibao huchongwa kiwe chembamba zaidi kwenye ncha kuliko katikati, kikalowekwa majini, ndipo kikubali kujipinda kwenda juu bila kupasuka. Chini huongezwa miguu ya mti ili kikapu kisiyumbe kinapowekwa kwenye matuta. Hakuna gundi. Misumari ni midogo, na kwenye trugi bora ni ya shaba, isiyopata kutu. Gome huachwa kwenye mkono na ukingo. Mnunuzi hulichukulia kuwa pambo, ingawa kwa fundi ni hesabu tu, kwani kumenya gome ni kazi ya ziada isiyoongeza nguvu yoyote.

Miti iliyotumika ni miwili, na kila mmoja una historia yake ambayo haikuhusu vikapu hata kidogo. Pete hutengenezwa kwa mchesnati, ule unaozaa njugu tamu ambazo Wazungu huzichoma wakati wa baridi. Si mti wa asili wa Uingereza, lakini misitu ya Sussex na Kent imejaa michesnati iliyokuzwa kwa namna maalumu: hukatwa karibu na ardhi, kisiki kikaachwa kichipue, na baada ya miaka 12 hadi 20 hivi fito zilizonyooka huvunwa na kisiki kikaachwa kichipue tena. Kisiki kimoja huweza kuvunwa hivyo kwa vizazi na vizazi vya watu. Mchesnati una sifa adimu inayoufaa uvunaji huu. Miti mingi ikiwa michanga huwa na mbao laini ya nje inayooza upesi, na kiini kigumu huja na umri. Mchesnati huanza kujenga kiini mapema sana, kwa hiyo hata fito changa hustahimili mvua na udongo. Zaidi ya hayo, unapasuka kwa unyoofu. Fundi huipasua fito badala ya kuichana kwa msumeno, na mpasuko hufuata nyuzi za mti kutoka ncha hadi ncha. Msumeno hukata nyuzi popote unapopita, na pale zilipokatwa ndipo pete ingevunjika wakati wa kupindwa. Baada ya kupasuliwa, fito hubanwa kwenye benchi ambalo fundi hulikalia kama farasi, akiukanyaga ubano kwa mguu na kukwangua kwa kisu chenye mikono miwili, kisha huifukiza kwa mvuke na kuizungushia kalibu.

Nani aliyepanda misitu hiyo, na kwa nini? Hakuna aliyeipanda akifikiria trugi. Eneo la Weald, ambamo Herstmonceux imo, lilikuwa kwa karne kadhaa kitovu cha chuma cha Uingereza, na matanuri yake yalikula makaa yatokanayo na misitu ya kuvunwa kwa zamu namna hiyo. Teknolojia ya makaa ya mawe ilipohamishia chuma mikoa mingine, matanuri ya Weald yalizimika moja baada ya jingine. La mwisho, lililokuwa Ashburnham, kilomita chache tu kutoka kijijini kwa Smith, lilizimwa mwaka 1813. Wenye misitu wakahitaji wateja wapya, na mkubwa kati yao akawa mkulima wa hopsi, mmea unaotambaa ambao maua yake huipa bia uchungu. Hopsi ilihitaji miti ya kupandia, maelfu ya fito kwa ekari, na mchesnati usiooza upesi ardhini ulikuwa jibu. Sehemu kubwa ya michesnati ya kusini mashariki ilipandwa katika karne ya 19 kwa ajili hiyo. Baadaye wakulima walianza kutumia nyaya, mahitaji ya fito yakashuka, na karne ya 20 ilipoanza wavunaji wakageukia uzio wa vijiti vya mchesnati vilivyosokotwa kwa waya. Msitu ukabaki msitu, mnunuzi akawa anabadilika.

Sidai kwamba kuzimwa kwa tanuri la Ashburnham kulimfanya Smith achukue kisu chake. Kudai hivyo ni kuunganisha tarehe mbili na kuziita sababu. Ninachodai ni kitu chepesi zaidi na, nadhani, kisichokanika: fundi wa miaka ya 1820 katika kijiji kile alikuwa na mali ghafi iliyonyooka, inayopasuka vizuri, isiyooza, inayoota upya, na ambayo gharama ya kuikuza ilishalipwa na mtu mwingine. Mahali pengine, bila msitu wa namna hiyo, kipaji kilekile kingezaa kikapu cha aina tofauti kabisa, au kisizae kikapu. Trugi za zamani, zilizotangulia za Smith, zinaelezwa kuwa zilichongwa kutoka pande moja la mti, nzito na za kula mbao nyingi. Alichofanya Smith ni kuacha kuchonga pande na kuanza kuunganisha vipande vyembamba vilivyopasuliwa. Huo ni ubunifu wa kweli, na ni ubunifu wa mtu aliyeitazama kwa makini misitu iliyomzunguka.

Vibao vya tumbo vina hadithi ya ajabu zaidi. Hutoka kwenye mwerebi, na hasa ile aina ya mwerebi mweupe inayotengenezewa magongo ya kriketi. Mti huu hukua haraka karibu na maji na hukatwa ukiwa na miaka 15 hadi 20. Shina hukatwa magogo mafupi, kila gogo likapasuliwa vipande kama anavyogawa keki mwenye karamu, na vipande vilivyo bora hukaushwa na kusafirishwa, vingi vikienda India na Pakistan ambako magongo ya wachezaji wa dunia nzima hutengenezwa. Gongo la kriketi halivumilii dosari. Kifundo kidogo, nyuzi zilizopinda au doa, na kipande kinakataliwa, kwa sababu mpira mgumu unaokuja kwa kasi utapata udhaifu huo siku ya kwanza. Kibao cha trugi hakigongwi na mpira. Kinachohitajika kwake ni zile sifa nyingine za mwerebi: wepesi, uvumilivu wa maji, na tabia ya kubonyea badala ya kupasuka vibanzi inapodondoshewa kitu kizito. Kwa hiyo mabaki ya kriketi yamekuwa mbao za kikapu, na mti mmoja unamnufaisha mchezaji wa Lahore na mkulima wa nyanya wa Sussex bila wao kujuana.

Hapa mpinzani wa kwanza husimama. Atasema: kama msitu ndio kila kitu, mbona kikapu hakikuenea hadi alipokuja malkia? Ni swali la haki, na jibu lake linanilazimisha kuongeza kitu kwenye hoja yangu. Msitu humpa fundi mali, haumpi mteja. Trugi za shambani zilikuwa vyombo vya kazi. Zilibeba nafaka na viazi, zililisha mifugo, na baadhi zilitumika kama vipimo vya ujazo, kuanzia ndogo za painti hadi za busheli, yaani takriban lita 36. Mkulima alizinunua kwa sababu zilikatika, zikakanyagwa na ng'ombe, zikaachwa kwenye mvua. Baada ya 1851 akatokea mnunuzi wa pili, mwenye nyumba na bustani ya maua, aliyetaka kikapu kilichowahi kuingia kasri. Huyu alilipa vizuri zaidi na alistahi ufundi. Tatizo ni kwamba anakitumia kikapu chake Jumamosi, anakihifadhi ghalani pakavu, na kinamfaa miaka 30. Trugi iliyotengenezwa vizuri ikitumiwa kwa upole hujinyima soko lake yenyewe. Malkia aliipa kazi hii jina, na jina hilo likaisogeza polepole kutoka kwa mteja anayerudi kila mwaka kwenda kwa mteja anayerudi akistaafu. Mashine zilipochukua kazi za shambani katika karne ya 20, yule mteja wa kwanza alitoweka kabisa, na waliobaki ni wa pili. Kwa maoni yangu hapo ndipo hatari ya leo ilipopandwa, mapema zaidi kuliko wengi wanavyofikiri.

Mpinzani wa pili ni ndoo ya plastiki, na inafaa kumtendea haki. Ndoo laini za plastiki zenye mikono miwili zimeenea katika bustani za Uingereza na duniani kote. Ni rahisi, hazivuji, hubeba udongo, maji, saruji na magugu, na zikikanyagwa hurudi umbo lake. Kwa kazi hizo trugi haina la kujibu; hata fundi wa trugi hatachanganyia saruji kikapuni. Lakini ndoo ni ya kina, na kina ndicho adui wa mazao laini. Weka nyanya zilizoiva, matunda ya porini au maharagwe machanga kwenye chombo cha kina, na yale ya chini yatabeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Ongeza joto na jasho lisilo na pa kutokea kwenye ukuta wa plastiki, na jioni utakuta tope. Trugi hutandaza mzigo. Tabaka ni moja au mbili, hewa hupita, na maua yaliyokatwa hulala kwa urefu wake bila kuvunjika shingo. Ufupi wa kina basi ni jibu la tatizo la kuvuna, wala haukuchaguliwa kwa uzuri. Ninakubali kwamba sinia la plastiki lenye matundu lingefanya hivyohivyo kwa bei ndogo, na wakulima wa biashara wamelichagua. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuitetea trugi kwa ubora wa matumizi peke yake atashindwa mjadala. Atakachoweza kusema bila kushindwa ni kwamba trugi hutengenezwa kwa fito inayoota tena na kwa mbao ambazo vinginevyo zingekuwa kuni, na kwamba chombo kinachogharimu dunia kidogo hivyo ni vigumu kukipata dukani.

Wapo pia wanaouliza kwa nini kung'ang'ania miti ileile miwili. Tayari kuna trugi zinazotengenezwa kwa plaiwudi ya mbetula, imara na nzuri kwa kiasi chake, na mteja asiyejua hatofautishi. Tena historia ya ufundi wa mbao inaonyesha kwamba fundi akilazimika hubadili mti. Wachonga vinyago wa Kikamba nchini Kenya walitegemea sana mhugu, na mti huo ulipopungua msituni wengi waligeukia mwarobaini na mwembe; ufundi haukufa. Mfano huo ni mzuri, lakini ukiutazama kwa karibu unaunga mkono upande wangu. Miarobaini na miembe ilikuwa imeshajaa mashambani na viamboni mwa pwani kwa sababu nyingine, dawa, kivuli na embe, na wachongaji waliingia kwenye mpango uliokuwapo, kama Smith alivyoingia kwenye mpango wa fito. Plaiwudi haiingii kwenye mpango wowote wa Sussex. Huja ikiwa imeshatengenezwa kiwandani, na inachoomba kwa fundi ni kukata na kupigilia. Haihitaji mtu anayejua kupasua kwa kufuata nyuzi, wala mvunaji wa kisiki, wala mpasuaji wa mierebi mwenye mabaki ya kuuza. Mwonekano hubaki na uhusiano wote unaoufanya uwe na maana unakatika. Sisemi watu wasizinunue. Ninasema tusizihesabu tunapohesabu waliobaki kwenye kazi hii.

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: misitu ya michesnati bado ipo, mierebi bado inapandwa na kukatwa kwa ajili ya kriketi, mabaki hayajaisha. Kama mali ghafi ipo na kazi bado inadhoofika, je, hoja ya msitu haijaanguka? Ingekuwa imeanguka kama mpango ungekuwa miti peke yake. Mpango ni mzunguko, na mzunguko hukatika popote. Kupasua fito bila kuipoteza, kuhisi kwa kidole unene wa ncha ya kibao, kujua pete ipi itavunjika kabla haijawekwa kwenye mvuke, ni mambo ambayo mkono hujifunza kwa kutengeneza vikapu vingi, vingine vibaya, mbele ya mtu anayesahihisha. Karakana iliyouza kwa mkulima ilikuwa na nafasi ya vikapu vibaya. Trugi ya shambani yenye ukingo uliopinda kidogo ilipata mteja. Karakana inayouza kwa mwenye bustani ya maonyesho haina nafasi hiyo. Kila kinachotoka lazima kiwe kamili, kwa hiyo anayejifunza ni hasara tupu kwa miezi mingi. Mteja alipobadilika, shule ilifungwa, ingawa msitu uliendelea kuchipua. Nao msitu hauko salama kama unavyoonekana. Ukungu unaokausha gome la michesnati uligunduliwa Uingereza mwaka 2011, Sussex Mashariki ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Mierebi nayo ina ugonjwa wake wa bakteria unaochafua mbao kwa madoa ya maji na kuiondolea thamani kwa magongo. Fito ambazo hazivunwi kwa wakati hunenepa, zikawa hazifai tena kwa pete wala kwa uzio, na mwenye msitu asiye na mnunuzi hana sababu ya kuzivuna.

Ndiyo maana sishangilii sana orodha. Shirika la Heritage Crafts, ambalo tangu 2017 hutoa orodha nyekundu ya ufundi wa mikono nchini Uingereza, limeiweka trugi ya Sussex kati ya kazi zilizo hatarini, na limefanya vema. Serikali ya Uingereza nayo iliridhia mwaka 2024 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, miaka mingi nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini orodha humtazama fundi: yuko mmoja, wako watatu, wana wanafunzi au hawana. Humpiga picha, humrekodi, humpa cheti. Ufundi wa kitambaa cha gome wa Buganda, uliotangazwa na UNESCO mwaka 2005, unaeleweka na kila Mganda kuwa hauwezi kutenganishwa na mti wa mutuba. Anayeulinda bila kupanda mituba analinda picha. Huko Sussex jambo hilohilo hufichika, kwa sababu miti yenyewe ilipandwa kwa jina la chuma, la bia na la mchezo, na hakuna anayeona kikapu anapoipita.

Kwa vitendo, basi, hatua zenye faida ziko mbali na karakana kuliko wafadhili wanavyopenda. Ruzuku ya kuvuna misitu ya zamu kabla fito hazijazeeka inamsaidia fundi wa trugi kuliko tamasha la ufundi. Vivyo hivyo makubaliano ya bei kati ya wapasuaji wa mierebi na mafundi, ili mabaki yasichomwe, au agizo la taasisi zenye bustani kubwa za mboga, kama shule na magereza, la trugi mia za kawaida kila mwaka zenye ruhusa ya kuwa na kasoro ndogo. Agizo la namna hiyo lingemrudisha mteja wa kwanza, yule anayevunja vikapu, na pamoja naye ingerudi nafasi ya mwanafunzi kutengeneza kibaya na kulipwa. Bei ya trugi ya sasa, inayoonekana kubwa mbele ya ndoo, ingeshuka kidogo kwa sababu ya wingi, ingawa haitaifikia ndoo kamwe, na hakuna faida ya kujidanganya kuhusu hilo. Tatizo litakalobaki ni nani atalipa kwanza. Mwenye msitu anamsubiri fundi, fundi anamsubiri mteja, na mteja hununua alichokiona dukani.